UFUKO ULE ULE, MWAKA HADI MWAKA
Jinsi watu wa kujitolea wanavyoisaidia sayansi ya bahari

Mtu atembeaye ufukoni asubuhi, maji yanapoanza kupwa, hukuta mstari mrefu wa vitu vilivyoachwa na bahari usiku: mwani, majani ya mikoko, vifuu vya nazi, magamba ya kaa, kipande cha jarife, na siku hizi kandambili za plastiki na chupa tupu za maji. Aghalabu huupita mstari huo bila kuuangalia. Baada ya saa chache maji hujaa tena, mstari wa kwanza hufutwa, na mwingine huachwa mahali pake. Mvuvi mzee aweza kusema kwamba zamani takataka hazikuwa nyingi hivi, na kwamba ndege wa pwani walikuwa wengi zaidi. Huenda asemayo ni kweli tupu. Lakini akiulizwa zimeongezeka kwa kiasi gani, na tangu mwaka gani, hana la kujibu, kwa kuwa hakuna aliyehesabu.

Makala haya yanaeleza kazi ya watu waliokata shauri kuhesabu. Wengi wao si wanasayansi. Ni walimu, wastaafu, wanafunzi, wavuvi na mama wa nyumbani, ambao kila mmoja huchukua kipande kimoja cha ufuko na kukipitia kwa utaratibu maalumu, akiandika wanyama waonekanao, mizoga iliyoletwa na maji, na takataka. Kazi yenyewe yaonekana nyepesi. Hata hivyo, ina kanuni zake, na pasipo kanuni hizo daftari zima laweza kukosa thamani.

Maili moja kwa mtu mmoja

Katika jimbo la Oregon, huko magharibi ya Marekani, fukwe ni mali ya umma kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1967. Pwani ya jimbo hilo ina urefu wa maili zipatazo 360, yaani karibu kilometa 580. Mwaka 1993 ulianzishwa mpango uitwao CoastWatch, ambao uliigawa pwani hiyo yote katika vipande vya maili moja moja. Mtu anayejitolea huchagua kipande chake, naye hutakiwa kukipitia angalau mara nne kwa mwaka, kila majira mara moja, na kuandika taarifa ya aliyoyaona: ndege na wanyama walio hai na waliokufa, takataka, mmomonyoko wa ardhi, na matendo ya wanadamu.

Kaskazini ya hapo, katika jimbo la Washington, mwishoni mwa miaka ya 1990 Profesa Julia Parrish wa Chuo Kikuu cha Washington alianzisha mpango mwingine, uitwao COASST. Huu ulianza kwa kuhesabu mizoga ya ndege wa baharini tu, na baadaye ukaongezewa takataka. Watu wake hupitia fukwe zao kila mwezi, kutoka California hadi Alaska.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini mtu aliye timamu atembee kila mwezi kutafuta ndege waliokufa? Jibu ni kwamba bahari ni kubwa mno, na ndege wa baharini huishi mbali na macho ya watu. Wakifa kwa njaa, kwa maradhi au kwa mafuta yaliyomwagika, ishara ya kwanza kufika nchi kavu ni mizoga. Lakini ndege hufa kila siku hata pale ambapo hakuna msiba wowote. Mizoga mitano katika kilometa moja ni mingi au michache? Swali hilo halijibiki ila kwa mtu ajuaye idadi ya kawaida ya mwezi ule, katika ufuko ule.

Mnamo tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska. Mizoga zaidi ya 30,000 ya ndege ilikusanywa, na wataalamu wakakisia kwamba waliokufa hasa walikuwa kiasi cha 250,000. Ajali kama hiyo inapotokea, kila upande huwa na hoja zake juu ya ukubwa wa hasara, na hoja hizo hupimwa kwa kulinganisha hali ya baada na hali ya kabla. Hali ya kabla haiwezi kupimwa baada ya ajali. Hapana budi iwe imekwisha kuandikwa.

Mahali pale pale, kwa namna ile ile

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutobadili mahali. Fukwe hazifanani. Ufuko ulioelekea upepo wa kusi hupokea vitu vingi kuliko ule uliokingwa na rasi. Ufuko ulio karibu na mlango wa mto hupokea taka za mjini kila mvua inyeshapo. Mtu ahesabuye leo hapa na mwezi ujao pale hatajua kama tofauti aliyoipata ni ya wakati au ni ya mahali.

Kanuni ya pili ni kuandika kiasi cha kazi iliyofanyika. Chukulia kwamba shule moja imeokota kandambili 40 na shule nyingine kandambili 15. Yaelekea kwamba ufuko wa shule ya kwanza ndio mchafu zaidi. Lakini ikiwa shule ya kwanza ilipitia mita 500 na ya pili mita 100 tu, basi ya kwanza ina kandambili 8 kwa kila mita 100, na ya pili ina 15. Hukumu imegeuka. Kwa sababu hiyo wahesabuji wa Ulaya ya magharibi wamekubaliana kutumia kipande cha mita 100 kuwa kipimo cha kawaida.

Kanuni ya tatu ndiyo iwashindayo wengi: kuandika sifuri. Mtu akitembea kilometa nzima asione mzoga wala kiota, hushawishika kuona kwamba siku hiyo imepotea, na kurudi nyumbani bila kuandika neno. Kwa kweli sifuri ni habari kamili. Ikiwa zitaandikwa zile siku tu ambazo kitu kilionekana, mtu atakayelisoma daftari baadaye atadhani kwamba kila siku kilionekana, na wastani atakaoupata utakuwa mkubwa kupita ukweli.

Pipa lenye tundu

Katika kuhesabu takataka liko jambo moja ambalo huwadanganya hata watu makini. Idadi ya vitu vilivyopo ufukoni si sawa na idadi ya vitu vinavyoletwa na bahari. Ufuko ni kama pipa linalojazwa maji kwa mfereji huku likiwa na tundu chini. Vitu huja na mawimbi. Lakini vingine hufukiwa na mchanga, vingine hupeperushwa na upepo hadi vichakani, na vingine hurudishwa baharini.

Tuseme kila wiki bahari huleta chupa 20, na kila wiki nusu ya chupa zilizokuwapo hutoweka. Ufuko ukianza ukiwa safi, mwisho wa wiki ya kwanza utakuwa na chupa 20. Wiki ya pili zitabaki 10 na kuongezwa 20, jumla 30. Wiki ya tatu 35. Na hatimaye idadi itatulia karibu na 40. Sasa chukua ufuko wa pili, ambao huletewa chupa 10 tu kwa wiki, lakini ambao hupoteza robo tu ya zilizokuwapo. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba ufuko huo nao hutulia kwenye chupa 40. Fukwe zote mbili huonekana sawa kwa macho, ingawa wa kwanza hupokea taka maradufu ya wa pili.

Njia ya kuzitenganisha ni kusafisha ufuko wote, kisha kurudi baada ya muda uliowekwa na kuhesabu vilivyoingia upya. Hata hapo muda una maana yake. Wachunguzi waliookota takataka kila siku wamepata jumla kubwa kuliko waliookota mara moja kwa mwezi katika sehemu zile zile, kwa kuwa mwezi ni muda mrefu na vitu vingi huja na kuondoka kabla ya kuonekana. Kwa hiyo daftari lazima lionyeshe kama vitu vilihesabiwa na kuachwa, au vilihesabiwa na kuondolewa, na ni siku ngapi zimepita tangu hesabu iliyotangulia.

Mizoga nayo hufuata sheria hiyo hiyo. Mpango wa COASST huwataka watu wake kumfunga kila ndege mfu kwa utepe wa plastiki wenye rangi maalumu. Akionekana tena mwezi ujao hatahesabiwa kuwa mpya, na zaidi ya hayo itajulikana mizoga hudumu ufukoni kwa muda gani kabla ya kuliwa au kufukiwa. Mhesabuji hupima urefu wa mdomo, wa mguu na wa bawa, huangalia umbo la unyayo, na kupiga picha. Kwa vipimo hivyo aina ya ndege yaweza kutambuliwa hata kama limebaki bawa na mguu tu, na mtaalamu aliye mbali aweza kuikagua kazi hiyo na kuisahihisha.

Msiba uliogunduliwa ufukoni

Thamani ya utaratibu huo ilionekana wazi katika miaka ya 2015 na 2016. Kaskazini ya Bahari ya Pasifiki yuko ndege anayejulikana kwa wanasayansi kwa jina la Uria aalge, ambaye katika makala haya ataitwa uria. Ni ndege mweusi mgongoni na mweupe tumboni, apigaye mbizi kufuata samaki wadogo. Mwili wake huunguza chakula upesi sana: kila siku humlazimu kula samaki wenye uzito upatao nusu ya uzito wake mwenyewe. Akikosa chakula kwa siku chache tu, hufa.

Kuanzia mwaka 2014 maji ya sehemu hiyo ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida, na joto hilo likadumu hadi mwaka 2016. Kati ya kiangazi cha mwaka 2015 na majira ya kuchipua ya mwaka 2016, wahesabuji walianza kukuta uria wafu kwa wingi usio na kifani. Kutoka California hadi Alaska, mizoga ipatayo 62,000 ilihesabiwa. Ndege hao walikuwa wamekonda kupita kiasi. Kwa kuwa fukwe nyingi zilikuwa na hesabu za miaka iliyotangulia, hapakuwa na shaka kwamba jambo hilo halikuwa la kawaida, na iliwezekana kuonyesha lilikoanzia na miezi lilipozidi.

Sababu iliyotolewa na wanasayansi ni ya kufundisha. Samaki ni viumbe ambao joto la miili yao hufuata joto la maji. Maji yakipata joto, samaki wakubwa huhitaji chakula kingi zaidi, na hivyo hushindana na ndege kwa kuwala samaki wadogo. Wakati huo huo samaki wadogo wenyewe hukosa chakula bora, wakapungua na kupoteza mafuta mwilini. Uria akajikuta amebanwa pande mbili: washindani wake wameongezeka njaa, na chakula chake kimepungua wingi na ubora.

Lakini ni ndege wangapi waliokufa kwa jumla? Hapa ndipo mpaka wa hesabu ya ufukoni unapoonekana. Ndege wengi wanaofia baharini huzama au huliwa kabla ya kufika nchi kavu. Kwa muda mrefu wachunguzi wamejaribu kukisia sehemu inayofika pwani, kwa mfano kwa kutupa baharini vipande vya mbao vyenye alama na kuangalia ni vingapi vitaokotwa. Katika taarifa iliyotolewa mwaka 2020, wanasayansi walikisia kwamba uria waliokufa walifikia kati ya 500,000 na 1,000,000. Mwaka 2024 ikatolewa taarifa nyingine iliyotumia njia tofauti, yaani kuwahesabu ndege walio hai kwenye majabali ya kuzalia, kabla ya joto lile na baada yake. Jawabu lilishtua zaidi: katika Alaska pekee walikuwa wametoweka uria wapatao milioni 4, zaidi ya nusu ya wote, na miaka mingi baadaye idadi yao ilikuwa bado haijarudi.

Mtu asije akasema kwamba wahesabuji wa ufukoni walikosea. Hesabu yao haikudai kuwa ndiyo jumla ya vifo. Kazi yake ilikuwa kupiga mbiu: kwamba jambo limetokea, ni la kiumbe gani, limeanza lini, na limeenea hadi wapi. Ukubwa kamili ulijulikana kwa kuunganisha ushahidi wa aina mbili, kila mmoja ukikamilisha palipokuwa na upungufu wa mwingine. Hivyo ndivyo sayansi ifanyavyo kazi yake mara nyingi.

Kila taka ina asili yake

Takataka zikipangwa vizuri huweza kusema zilikotoka. Kitu hupangwa kwanza kwa maada iliyokitengeneza, kama plastiki, kioo, chuma, mpira au nguo. Kisha kwa matumizi yake. Boya na kamba huelekeza kwenye uvuvi. Kifuniko cha soda huelekeza kwa watu wapumzikao ufukoni. Maandishi yaliyo juu ya chupa huweza kutaja nchi iliyotengenezwa. Viumbe vidogo vya baharini vinavyojishikiza juu ya vitu vinavyoelea nao ni mashahidi, kwani ukubwa wao huonyesha kitu kimekaa majini kwa muda gani.

Mwezi Juni 2012 gati la kuelea lenye urefu wa mita 20 lilifika katika ufuko wa Agate, huko Oregon. Lilikuwa limeng'olewa katika mji wa Misawa, Japani, na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, nalo lilisafiri karibu miezi 15. Viumbe wa pwani ya Japani walikuwa bado hai juu yake. Mpaka mwaka 2017 wanasayansi walikuwa wamekwisha kutambua aina 289 za viumbe vya Japani katika vitu mbalimbali vilivyofika Amerika ya Kaskazini na Hawaii kutokana na tsunami hiyo. Zamani gogo lilioza njiani pamoja na abiria wake. Plastiki haiozi, na kwa hiyo imekuwa chombo cha kuvusha viumbe kutoka bara moja hadi jingine.

Afrika ya Mashariki nayo ina kisa chake. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya abiria ya Malaysia, safari MH370, ilipotea ikiwa na watu 239. Mnamo Julai 2015 kipande cha bawa lake kilionwa na watu waliokuwa wakisafisha ufuko katika kisiwa cha Réunion. Mwezi Juni 2016 kipande kingine kilipatikana kisiwani Pemba, na mwezi Septemba mwaka huo wachunguzi wa Australia wakathibitisha kwamba ni cha ndege hiyo. Vipande hivyo vilisukumwa na upepo na mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hadi magharibi, kusini ya Ikweta. Mkondo huo ufikapo Afrika, tawi lake moja huelekea kaskazini, likipita pwani ya Tanzania na Kenya. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka na kuja kusini, ukakutana na tawi hilo. Kwa hiyo ufuko mmoja waweza kupokea vitu vya asili mbalimbali kwa majira mbalimbali, na hesabu ya mwezi mmoja haiwezi kusimama badala ya mwaka mzima.

Ushahidi wa safari hizo uko pia Aldabra, kisiwa cha Shelisheli ambacho hakina mji wala kiwanda. Mwaka 2019 watu wa kujitolea waliondoa huko tani 25 za taka katika muda wa wiki tano. Wachunguzi walikisia kwamba zilibaki tani 513, na kwamba miongoni mwake mlikuwamo kandambili 360,000. Kwa uzito, sehemu kubwa kabisa ilikuwa nyavu na vifaa vingine vya uvuvi.

Nyayo za kasa

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki kazi ya kupitia ufuko kwa utaratibu imekuzwa zaidi na kasa. Watamu, nchini Kenya, viota vya kasa vimekuwa vikilindwa na kuandikwa tangu mwaka 1997. Nchini Tanzania shirika la Sea Sense, lililoanza mwaka 2001, hushirikiana na wanavijiji wa sehemu kama Mafia ambao huzipitia fukwe zao, huvitambua viota vipya, na kuvilinda.

Kasa jike hupanda ufukoni usiku, huchimba, hutaga mayai ambayo mara nyingi huzidi 100, hufukia, na kurudi baharini. Kinachobaki ni mburuzo wake mchangani. Maji yakijaa, au upepo ukivuma, mburuzo hufutika. Ndiyo maana mlinzi wa ufuko huamka alfajiri kila siku ya msimu. Siku aliyoikosa hairudi. Baada ya miezi miwili hivi mayai huanguliwa. Jinsia ya watoto hutegemea joto la mchanga: kiasi cha nyuzi 29 za Selsiasi hupatikana dume na jike, joto likizidi hapo majike huwa wengi, na likipungua madume huzidi.

Kasa wa kijani huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 20, kabla ya kuanza kutaga. Maana yake ni kwamba idadi ya viota vya mwaka huu ni jibu la mambo yaliyotendeka miongo miwili iliyopita, na mayai yanayoibwa mwaka huu hayataonekana upungufu wake ila baada ya wanafunzi wa leo kuwa wazazi. Aidha, jike hatagi kila mwaka, hivyo viota huongezeka na kupungua kwa zamu. Mtu aangaliaye misimu miwili tu aweza kufurahi au kuhuzunika bila sababu.

Hesabu huweza pia kuipima sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Je, mifuko imepungua ufukoni? Mahali palipohesabiwa kabla ya tarehe hizo, swali hilo lina jibu. Uingereza, ambako watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu taka za pwani tangu miaka ya 1990, ilionekana kwamba baada ya kila mfuko wa dukani kutozwa ada, idadi ya mifuko ufukoni ilishuka kwa kiasi cha nne kwa tano. Bila madaftari ya miaka iliyotangulia, jambo hilo lingebaki kuwa maoni ya watu.

Shule yaweza kuanza vipi

Shule iliyo karibu na bahari, au hata ziwa, yaweza kuanza kazi hii kwa kamba ya kupimia, daftari na penseli.

Kwanza, kichaguliwe kipande cha mita 100 ambacho ni salama na hufikika majira yote, na mipaka yake iwekwe kwa alama zisizohamishika, kama mnazi au jiwe kubwa. Pili, itungwe orodha ya vitu vya kuhesabiwa, isiyozidi kumi na tano kwa kuanzia, na orodha hiyo isibadilishwe ovyo. Tatu, wakati uchaguliwe kwa kufuata maji. Bamvua huja mara mbili kwa kila mwezi wa mbalamwezi, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na hapo taka husukumwa juu kabisa ya ufuko. Wakati wa maji mafu mstari huwa chini. Anayehesabu mara baada ya bamvua leo, na wakati wa maji mafu mwezi ujao, atakuwa amepima mwezi badala ya takataka. Nne, kila hesabu iwe na tarehe, saa, hali ya upepo, majina ya wahesabuji, na idadi ya kila kitu, sifuri zikiwamo.

Tano, mara moja kila muhula makundi mawili yahesabu kipande kimoja, moja baada ya jingine, bila kuambiana majibu. Tofauti kati yao itaonyesha ukubwa wa makosa ya macho ya wanadamu. Ikiwa kundi moja limepata chupa 30 na la pili 36, basi darasa lisitangaze kwamba taka zimeongezeka kwa sababu tu mwezi uliofuata zilipatikana 35.

Tahadhari nazo zizingatiwe. Mizoga isishikwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa yaweza kuwa na maradhi. Sindano, makopo ya kemikali na vitu visivyojulikana viachwe na viarifiwe kwa wakubwa. Viota na mayai ya kasa havichezewi: hulindwa na sheria. Wala asiende mtu peke yake.

Adui mkubwa wa kazi hii ni uchovu. Mwaka wa kwanza watu huja wengi. Mwaka wa tatu hubaki wachache. Na daftari likikatika miaka miwili, hakuna njia ya kurudi nyuma kuyajaza majani yaliyo matupu. Shule ina nafasi ambayo mtu mmoja hana, kwa sababu wanafunzi huondoka lakini kidato hubaki. Kidato cha Pili cha mwaka huu kikimkabidhi daftari Kidato cha Pili cha mwaka ujao, baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na kitu ambacho hakiwezi kununuliwa wala kuazimwa. Siku hiyo mtu akiuliza kama ufuko umebadilika, atapewa daftari alisome mwenyewe.